Mahali pa Kulaza Chombo

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa majina ya vyombo vya majini. Tunao mtumbwi na hori, ngalawa na dau, mashua na jahazi, na zamani tulikuwa na mtepe. Hata sehemu za chombo zina majina yake: mkuku, omo, tezi, foromali. Lakini ukimwuliza mtu wa pwani nyumba ya kulazia chombo kisichofanya kazi inaitwaje, atakujibu "banda la mashua", kama vile anavyosema banda la kuku. Gudi na chelezo ni mahali pa kujengea na kutengenezea. Nyumba ya chombo haikupata jina lake yenyewe, na mimi niliyefundisha historia kwa miaka mingi, shuleni na katika chuo cha ualimu, siamini kwamba lugha huacha pengo kama hilo bila sababu.

Yamkini msomaji atashangaa kumwona mzee wa Dumila, mahali palipo mbali na bahari, akijishughulisha na mabanda ya mashua. Namwomba avumilie. Safari yetu inapita mbali kidogo, lakini Dumila tutafika.

Mabanda mashuhuri kuliko yote ya zama za kale yalikuwa Athens. Katika karne ya nne kabla ya Kristo, bandari tatu za Piraeus zilikuwa na mabanda 372 ya manowari za makasia. Yalikuwa marefu na membamba, yameezekwa vigae, na sakafu zake ziliteremka hadi majini ili chombo kivutwe juu kwa kamba. Sababu yake ni rahisi kuieleza. Ubao ukikaa majini muda mrefu hunywa maji na kuwa mzito, na wadudu wa baharini huutoboa. Manowari nzito haikimbii, na vita vya siku zile vilikuwa vya mbio na kugongana. Kwa hiyo dola ililipa gharama ili meli zikae kavu zikingoja adui.

Wanorwe nao walikuwa na nyumba ya namna hiyo waliyoiita naust. Kinachonivutia kwao ni sheria zao za kale. Wakulima wa kila eneo la pwani waliwajibika kujenga meli ya ulinzi na kuiwekea banda, na tanga lake lilitunzwa kanisani. Walikuwa watu wa mashamba, wenye ng'ombe na shayiri, na kwa siku nyingi za mwaka hawakuihitaji meli ile hata kidogo. Hata hivyo waliitunza kwa pamoja, maana siku ya kuihitaji wasingepata nafasi ya kuichonga.

Sasa turudi kwetu. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kinachoeleza safari za Bahari ya Hindi, kinataja bandari ya Rhapta katika pwani yetu, na kinasema jina hilo linatokana na vyombo vilivyoshonwa. Mtepe ulikuwa wa ukoo huohuo: mbao zimeshonwa kwa kamba za usumba bila misumari, na tanga ni la mkeka. Watu walioweza kushona chombo cha kuvuka bahari hawakushindwa kusimamisha nguzo nne na kuezeka makuti. Naudhika ninapowasikia baadhi ya wasomi wakidai kwamba kukosa mabanda ni dalili ya uzembe. Wapwani walikilinda chombo kwa njia nyingine. Wakati wa bamvua walikipweleza ufukoni, wakakisimamisha kwa magadi, wakakwangua uchafu, wakakalafati nyufa, kisha wakapaka deheni ya shahamu na chokaa upande wa chini, na mafuta ya papa upande wa juu. Bahari yenyewe iliwapandishia chombo na kuwashushia, tena bila malipo. Na chombo chao hakikungoja vita. Kilikuwa kazini karibu mwaka mzima, kikifuata kaskazi na kusi.

Kuna jambo lingine kuhusu pwani ambalo huwa nalitafakari. Kwa karne nyingi majahazi yalibeba boriti za mikoko kutoka maeneo kama Rufiji na Lamu kwenda Uarabuni na Ghuba, mahali penye uhaba wa miti. Dari za nyumba za huko zilijengwa kwa boriti zetu, na upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti. Jahazi liliezeka nyumba za watu wa ng'ambo, lenyewe likalala nje.

Lakini njia yetu ilikuwa na hasara yake, nami sitaificha. Utunzaji wa mikono hudumu maadamu mikono ipo. Biashara ya mtepe ilipokufa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, hapakuwa na mtu wa kuupaka mafuta wala paa la kuusitiri, nao ukatoweka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafundi walijenga mtepe mpya kwa ajili ya maonyesho, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Zanzibar na Sultani Barghash mwaka 1883. Hatimaye chombo cha kushonwa kilipata nyumba, tena ya kifalme. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka na kuua watu wawili waliokuwa kazini. Kumbe paa nalo lataka mtunzaji.

Barani tuna banda la ajabu zaidi, nalo ni maji yenyewe. Mtumbwi wa gogo ukiachwa juani hupasuka. Mvuvi wa mtoni huufunika majani, au huuzamisha makusudi kwenye maji ya kina kifupi, na siku akiuhitaji huumwaga maji na kwenda zake. Nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi habari hii sambamba na ile ya meli Goetzen. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikapita kwa reli hapa kusini mwetu, Morogoro na Kilosa, kwenda kuunganishwa Kigoma. Julai 1916 Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma waliizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi, lakini kwanza wahandisi waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wahandisi wale walifanya alivyofanya mvuvi wa mtumbwi.

Sasa tumefika Dumila. Januari 2014 maji yaliyoshuka kutoka milima ya Ukaguru yalifurika Dumila na Magole, nyumba zikaanguka, na barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma ikakatika. Miaka minne kabla ya hapo Kilosa ilikuwa imepata mafuriko yake, na reli ikang'olewa. Hapa kwetu sikuona mtumbwi hata mmoja. Simlaumu mtu: mito yetu kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga tu, na hakuna mvuvi wa kuweka chombo. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi walifika wa kwanza kwa mitumbwi yao, na watu 24 kati ya 43 wakapona. Mitumbwi ilikuwa karibu kwa sababu watu wale huitumia kila siku.

Nchi isiyo na wavuvi haina budi kumwiga Mnorwe. Uingereza ina chama cha mashua za uokoaji kilichoanzishwa mwaka 1824, chenye vituo zaidi ya 200, na wengi wa mabaharia wake ni watu wa kujitolea, wauza duka na mafundi, wanaokimbilia bandani wakiitwa. Kwa Dumila mtumbwi wa gogo haufai. Utapasuka kabla ya masika. Mashua mbili nyepesi za plastiki, makasia, kamba na maboya vingetosha kwa kuanzia, vikiwekwa kwenye banda lililo juu ya alama ya maji ya mwaka 2014, ambayo wenyeji wanaijua. Nimewahi kulitaja wazo hili mbele ya wazee wenzangu. Walikubali upesi, kisha mmoja akauliza swali ambalo mimi mwenyewe nililiuliza juu ya kila stoo ya shule niliyoiongoza: ufunguo utakaa kwa nani, na usiku wa mvua tutampata wapi? Tulilijadili hadi jua likazama, na majina mawili yakatajwa.