Ndege Zetu Nne

Kwetu Tanga chuma hakina maisha. Bati la nyumba ya Raskazone, linalopigwa na upepo wa bahari usiku na mchana, hushika kutu kabla mwenye nyumba hajamaliza deni la fundi. Kwa hiyo niliposoma kwamba ndege kuukuu za abiria hupelekwa kuhifadhiwa jangwani, sikuhitaji kuelezwa sababu. Huko Arizona na California, nchini Marekani, hewa ni kavu na mvua ni haba. Marubani huipeleka ndege bila abiria hata mmoja, mafundi huziba matundu ya injini na kufunika madirisha, nayo husubiri mnunuzi au msumeno.

Ndege zetu sisi hazikufika jangwani, wala hazikustaafishwa kwa uzee.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946, lilikuja kuwa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Watu wa Tanga tulilijua kwa Dakota na Fokker zake. Fahari ya shirika, hata hivyo, ilikuwa Super VC10 tano za safari za mbali, zenye injini nne zote mkiani, aina iliyobuniwa kwa viwanja vya joto na vya nyanda za juu kama Nairobi. Moja iliteketea Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 ilipokuwa ikijaribu kuruka; watu 43 walipoteza maisha. Zikabaki nne: 5H-MMT na 5H-MOG zenye herufi za Tanzania, 5Y-ADA ya Kenya na 5X-UVJ ya Uganda. Nasema "ya Kenya" na "ya Uganda" kwa herufi tu, maana zote zilikuwa za wote.

Mwanzoni mwa 1977 shirika likasimama, wenye mali wakivutana juu ya madeni na michango. Februari mpaka nao ukafungwa. Wasomi huandika habari hii kama mgogoro wa Jumuiya. Sisi tuliiona Horohoro. Wadigo wa huku na wa Lungalunga ni ndugu wa damu, na mtu alisikia msiba wa Vanga asiweze kwenda kuzika kwa njia ya halali. Hali hiyo ilidumu hadi 1983.

VC10 zote nne zilirudishwa Uingereza, zikaegeshwa Filton, karibu na Bristol, penye mvua tele. Ile 5H-MOG, VC10 ya mwisho kabisa kuundwa, ilikuwa na umri wa miaka saba tu. Jeshi la Anga la Uingereza likazinunua, likaondoa viti, likaweka matangi, zikawa za kuzijaza ndege nyingine mafuta angani. Kazi hiyo zilianza miaka ya 1980, zikaendelea hadi 2013. Mali iliyowashinda wenyewe watatu ilimtumikia mwingine kwa miongo mitatu!

Tarehe 24 Septemba 2013 iliyokuwa 5H-MOG ilitua Dunsfold, ambako ilihifadhiwa kwa kumbukumbu. Kesho yake iliyokuwa 5H-MMT ikaenda Bruntingthorpe, mahali pa kukatia ndege kuukuu. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari ya mwisho ya VC10 yoyote duniani, na marubani wake walikuwa Waingereza.