Wanamajimbo: maana na matumizi ya neno

MKAZI wa Mzinga, mkoani Morogoro, akisikia neno 'jimbo' hufikiria kwanza mbunge wake, kwa kuwa kata hiyo imo katika Jimbo la Morogoro Mjini. Wazee wanakumbuka maana nyingine. Enzi za Mwingereza, Morogoro na Milima ya Uluguru ilikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, majimbo hayo yaligawanywa na kuitwa mikoa.

Nchini Kenya, neno hilo lilichukua sura ya kisiasa. Wanamajimbo ni watu wanaotaka kila eneo la nchi lijitawale katika mambo yake, hasa ardhi, huku likibaki chini ya dola moja. Si wadai wa kujitenga, ingawa wapinzani wao mara nyingi wamewaita hivyo.

Waliolianzisha dai hilo ni viongozi wa chama cha KADU kilichoundwa mwaka 1960, wakiwamo Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Walihofu kuwa makabila madogo yangemezwa na makubwa yaliyokuwa nguzo ya KANU. Katiba ya mwaka 1963 iliwapa majimbo saba yenye mabaraza yake. Hata hivyo, serikali ya Jomo Kenyatta haikuyapenda. KADU ilijivunja Novemba 1964, na mfumo huo ukafutwa.

Neno lilirejea mwaka 1991 likiwa na sumu. Baadhi ya wanasiasa wa KANU katika Bonde la Ufa walihubiri majimbo kwa maana ya kuwaondoa 'wageni'. Mapigano ya kikabila yaliyofuata yaliua watu wengi na kuwaacha maelfu bila makazi. Tangu hapo, kuitwa mwanamajimbo kukawa karibu sawa na kutuhumiwa ukabila.

Ndiyo maana Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, iliyounda kaunti 47, hutajwa kwa neno 'ugatuzi'. Madaraka yalishuka chini, lakini jina la zamani likaachwa.

Nchini Tanzania, CHADEMA ilipoinadi sera ya majimbo, CCM ilionya kuwa ingewagawa wananchi. Kwa hiyo msomaji akikutana na neno hili, aulize kwanza: anayelitamka anataka kugawa madaraka, au kugawa watu?