Uchovu wa mazoezi: Si asidi pekee, kalsiamu nayo imo

MKIMBIAJI anapolalamika kuwa miguu imekuwa mizito, jibu analopewa na wenzake uwanjani kwa kawaida ni moja: asidi ya laktiki imejaa kwenye misuli. Maelezo hayo ni ya zamani. Archibald Hill wa Uingereza na Otto Meyerhof wa Ujerumani walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa uchunguzi wao kuhusu misuli, na kwa miongo mingi iliyofuata asidi hiyo ilibebeshwa karibu lawama zote za uchovu.

Lawama hizo zina kasoro. Asidi hiyo hurejea kiwango chake cha kawaida katika muda wa saa moja hivi baada ya mazoezi, ilhali udhaifu wa miguu huweza kuendelea hadi kesho yake au zaidi. Ndiyo maana wanafiziolojia wengi wameelekeza macho kwenye kalsiamu iliyomo ndani ya seli za misuli.

Kila seli ya msuli ina ghala lake la madini hayo. Amri ya ubongo inapofika, milango ya ghala hufunguka, kalsiamu humwagika na kushika protini iitwayo troponini, na nyuzi za msuli huvutana. Kisha pampu maalumu huirudisha kalsiamu ghalani ili msuli ulegee. Pampu hizo hutumia nishati. Kwa hiyo hata kulegea kwa msuli kuna gharama yake.

Katika mazoezi makali, kasoro ya kwanza hutokea mapema. Fosfeti inayozalishwa seli inapotumia akiba ya nishati huingia ghalani na kushikamana na kalsiamu, hivyo inayobaki tayari kutoka hupungua. Kwa kawaida hali hiyo hutengemaa baada ya mapumziko mafupi.

Kasoro ya pili hudumu. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakiongozwa na Andrew Marks, waliripoti kuwa milango ya ghala ilikuwa ikivuja katika misuli ya panya walioogeleshwa na ya waendesha baiskeli. Panya waliopewa dawa ya majaribio iitwayo S107, inayozuia uvujaji huo, walistahimili mazoezi kwa muda mrefu zaidi.

Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walitoa matokeo ya kushangaza zaidi. Wanaume wanaofanya mazoezi ya kawaida waliendesha baiskeli ya mazoezi kwa nguvu zote mara 6, sekunde 30 kila mara. Jumla ni dakika tatu tu. Saa 24 baadaye misuli yao ilikuwa bado dhaifu, na milango ya ghala ilikutwa imevunjika vipande. Kwa wanariadha mahiri wa michezo ya ustahimilivu uharibifu huo haukuonekana.

Watafiti hao walieleza kuwa uvujaji wa muda huenda ndio unaouchochea msuli kujiimarisha, na kwamba vitamini C na E zinazomezwa kwa wingi zinaweza kuufifisha mchocheo huo. Uvujaji usiokoma ni jambo jingine: umeonekana kwenye misuli ya wagonjwa wa moyo, ambao huchoka kwa kupanda ngazi chache.

Wanaofikiria kukimbilia maziwa au vidonge vya kalsiamu watambue kuwa hapa mwili haujapungukiwa na madini hayo. Yamo ndani ya seli, ila ghala limeshindwa kuyahifadhi.