Uangalizi wa nyumbani unavyomsaidia mkongwe kujitegemea

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Kenya ilikuwa na watu milioni 2.7 waliotimu umri wa miaka 60 na zaidi, kati ya wakazi milioni 47.6. Wengi wao huishi katika maboma yao mashambani, na ni wachache mno wanaolelewa katika makao kama vile Nyumba ya Wazee iliyoko Kasarani, Nairobi. Kwa hivyo, suala linalozikabili familia nyingi si iwapo mzee atunzwe nyumbani au la, bali atunzwe vipi.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinawapa wakongwe haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo yafaayo kutoka kwa jamaa zao na serikali. Kifungu hicho hicho kinawapa haki ya kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii na kujiendeleza. Haki hii aghalabu husahaulika. Mwana anayefanya kazi mjini humwajiri msichana wa kumkalia mamake, kisha huagiza kwamba mama asiguse sufuria, asishike jembe wala asiteke maji. Nia yake ni njema. Matokeo, hata hivyo, huwa kinyume cha alivyotarajia.

Mwili wa mkongwe hupoteza upesi nguvu usizozitumia. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, watu 12 wenye afya njema, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 67, walilazwa kitandani kwa siku 10 pasi na kuugua chochote. Miguu yao ilipoteza karibu kilo moja ya misuli. Ikiwa hayo huwapata wazima katika siku 10, si vigumu kukisia hali ya nyanya anayeketishwa kwenye kochi mwaka mzima.

Uangalizi bora basi huanza kwa kupima kile ambacho mzee angali anakiweza. Kipimo kinachotumiwa sana kilibuniwa na daktari Sidney Katz na wenzake mjini Cleveland, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1963. Huangalia mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani au kitini, kuzuia haja, na kula. Katz aligundua kwamba uwezo huu hupotea kwa mpangilio, kuoga kukitangulia na kula kukiwa mwisho, kinyume cha namna mtoto anavyoupata. Mzee anayehitaji kusuguliwa mgongo hahitaji kulishwa kwa kijiko. Anayemlisha anamharakisha kuelekea asikofika bado.

Mwaka 1969 wataalamu Lawton na Brody waliongeza orodha ya shughuli nane zinazomwezesha mtu kuendesha maisha yake: kutumia simu, kununua vitu, kupika, kutunza nyumba, kufua, kusafiri, kumeza dawa ipasavyo na kusimamia pesa. Hapa ndipo uhuru huanza kuponyoka bila kelele. Mzee hutoa nambari ya siri ya M-Pesa kwa mjukuu ili asaidiwe siku moja, na kuanzia hapo hajui tena akiba yake ni kiasi gani. Msaada ufaao ni kumsomea ujumbe na kumwacha aibonyeze nambari yake mwenyewe, hata akichukua dakika tano.

Nyumba nayo ina sehemu yake, na marekebisho mengi hayahitaji fedha nyingi. Choo cha shimo ndicho adui mkubwa wa magoti yaliyochakaa, kwani kuchutama na kuinuka huhitaji nguvu za mapaja. Fundi wa jua kali anaweza kuunda kiti cha mbao au chuma chenye tundu, kikawekwa juu ya shimo, na kugongomea ukutani kishikio kitakachohimili uzani wa mtu mzima. Njia ya kwenda chooni isawazishwe, iondolewe mawe, na iwe na mwanga usiku. Kigoda cha jikoni kibadilishwe kwa kiti kirefu, na meko yainuliwe kiasi cha kumwezesha kupika bila kuinama. Badala ya mtungi wa lita 20, apewe wa lita tano. Ataendelea kuteka maji, ila kwa safari nyingi zaidi, na kutembea kwenyewe ni dawa. Ndala zilizolegea na mikeka inayoteleza ziondolewe kabisa, kwa kuwa kuanguka na kuvunjika nyonga ndiko kunakowafunga wengi kitandani.

Kuanguka huko kunaweza kupunguzwa kwa mazoezi. Nchini New Zealand, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Otago walitunga mazoezi ya kuimarisha miguu na usawa wa mwili, ambayo mzee huyafanya kwake mara tatu kwa wiki, kila mara kwa nusu saa hivi, huku akitembelewa mara chache na mtaalamu. Visa vya kuanguka vilipungua kwa takriban asilimia 35. Baadhi ya mazoezi yenyewe ni mepesi kuelezea: kuinuka kitini na kuketi tena, kusimama kwa ncha za vidole akishikilia meza, kutembea kinyumenyume. Anayeanza ahakikishe kuna mtu karibu.

Mji wa Fredericia nchini Denmark ulikwenda mbali zaidi. Mwaka 2008 baraza la mji huo liliacha kuwauliza wazee walihitaji kusaidiwa nini, likaanza kuwauliza wangependa kuweza kufanya nini tena. Wahudumu waliokuwa wakiwafulia na kuwaogesha waligeuka kuwa wakufunzi wa muda. Mwaka 2015 sheria ya nchi hiyo ilianza kuzitaka serikali za mitaa kutoa mafunzo ya aina hiyo kwa wanaoweza kunufaika, kabla ya kuwapa msaada wa kudumu. Ni kweli kwamba ushahidi wa kisayansi ulikuwa haba; tathmini ya Cochrane ya mwaka 2016 ilipata tafiti mbili pekee zilizofaa kuhesabiwa. Hata hivyo, swali lile la Fredericia halina gharama, na familia yoyote inaweza kuliuliza.

Gharama iko kwa anayelitekeleza. Mpango wa Inua Jamii, uliopanuliwa mwaka 2018 kuwajumuisha waliotimu miaka 70, uliweka malipo ya Sh2,000 kwa mwezi, kiasi kisichotosha kumwajiri mhudumu. Mzigo huwaangukia binti na wakaza wana, ambao mara nyingi hawajafunzwa hata jinsi ya kumwinua mtu bila kujiumiza kiuno. Wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, waliokabidhiwa vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari mnamo Septemba 2023, wanaweza kuwa msaada iwapo familia zitawaita, na iwapo wataelekezwa kutazama choo na meko pamoja na shinikizo la damu.

Kujitegemea kuna mipaka yake. Aliyepatwa na maradhi ya kusahau hawezi kuachiwa meko wala dawa, ingawa anaweza kuchambua mboga au kukunja nguo akiwa na mwenzake. Na ipo tofauti kati ya uwezo unaodidimia kwa miaka na ule unaotoweka ghafla. Mzee aliyekuwa akivaa mwenyewe Jumatatu na akashindwa Alhamisi hajazeeka kwa siku tatu. Huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, malaria au kiharusi, au amedhuriwa na dawa mpya aliyoandikiwa. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, na dawa zake zote zibebwe katika mfuko mmoja ili daktari azione.