Makato Yasiyosomwa Bungeni

Watu wa rika langu wakizungumzia ile miaka ya themanini hapa Tanzania, huanza hesabu yao mwezi Agosti 1986, pale Serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilipoafikiana na Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani IMF. Kabla ya hapo, husema, Serikali ilisomesha na kutibu bure. Baada ya hapo kila kitu kikakatwa. Mimi nimefanya kazi ya uhasibu katika halmashauri kwa miaka mingi, na kila niyasikiapo maneno hayo huona kwamba nusu ya hesabu imeachwa nje ya daftari. Makato makubwa kuliko yote yalikuwa yamekwisha kupita, wala hayakusomwa Bungeni hata siku moja.

Chanzo cha dhiki kinajulikana. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, nasi tukalazimika kujenga upya mashirika ya reli, ndege na posta yaliyokuwa ya watu watatu. Bei nzuri ya kahawa tuliyoipata kwa sababu ya baridi iliyounguza mashamba ya Brazil haikudumu. Oktoba 1978 Idi Amin akavamia Kagera. Vita ikatufikisha Kampala Aprili 1979, na mwaka huohuo mafuta yakapanda tena.

Serikali yoyote iliyofikwa na hayo ingepaswa kupunguza matumizi. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, alijadiliana na IMF, lakini masharti hayakukubalika kwa Mwalimu Nyerere, na mwishoni mwa mwaka 1979 Mtei akajiuzulu. Siku ya Mwaka Mpya wa 1980 Mwalimu aliwauliza mabalozi tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Swali lile naliona la haki hata leo. Ila kukataa masharti ya mkopeshaji hakuleti fedha Hazina. Pengo la bajeti lilibaki palepale, na kwa kiasi kikubwa lilizibwa kwa kukopa Benki Kuu. Noti zikaongezeka, unga, sabuni na vitenge havikuongezeka. Kuanzia mwaka 1980 hadi 1985 bei zilipanda kwa asilimia kati ya 25 na 36 kila mwaka, na hizo ni bei za vitabuni tu, si za mlanguzi wa nyuma ya duka.

Hapo ndipo makato yalipofanyika. Mwaka 1981 kima cha chini cha mshahara kiliwekwa shilingi 600 kwa mwezi. Hakikuongezwa tena mpaka mwaka 1984, kilipofikishwa shilingi 810. Nyongeza hiyo ni ya asilimia 35, lakini katika muda huo bei zilikuwa zimezidi maradufu. Mtumishi hakuondolewa kazini, jina lake lilibaki katika orodha ya malipo, na Waziri aliweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba hakuna aliyepunguzwa. Ni thamani ya kazi yake tu iliyokuwa imepunguzwa, mwezi baada ya mwezi, bila barua.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi wilayani Mpwapwa. Nyumbani kwetu hatukujua neno bajeti, ila tulijua tarehe. Zamani mshahara ulifika tarehe 25. Ukawa unafika tarehe 15, kisha tarehe 8, ingawa ulilipwa siku ileile. Mama akaanza kukaanga maandazi na kuyauza wakati wa mapumziko kwa wanafunzi wa mumewe. Baba akafuga kuku, akalima karanga, na Alhamisi akawa anatoka shuleni mapema kwenda shambani. Hakuna mkaguzi aliyemkemea, maana mkaguzi naye alikuwa na shamba lake. Hivyo saa moja ya hesabu ya darasa la sita ilikatwa kila wiki. Saa hiyo haipo katika kitabu chochote cha Hazina.

Upande wa vifaa ulikuwa mbaya zaidi. Karo ya shule za msingi ilikuwa imefutwa mwaka 1973, na kwa Elimu ya Msingi kwa Wote, ile UPE, wanafunzi walizidi milioni 3 ilipofika mwaka 1980. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na sipendi kulisikia likidharauliwa. Lakini fedha zinapopungua na walimu hawaondoleki, mhasibu hukata panapokatika: kasma ya chaki, vitabu, ukarabati wa madawati. Kitabu kimoja kikasomwa na vichwa sita.

Sasa linganisha na Bajeti ya Juni 1984, aliyoisoma Cleopa Msuya. Ruzuku ya sembe iliondolewa, shilingi ikashushwa thamani, karo ya sekondari ikarudishwa, na kodi ya maendeleo ikaja pamoja na halmashauri zilizofufuliwa. Yalikuwa makali. Lakini tuliyasikia redioni kwa jina lake na kiasi chake. Watu walilalamika, walijua wamlalamikie nani, na nyongeza ile ya shilingi 810 ilitolewa pamoja nayo ili kupoza. Yale ya kupanda kwa bei hayakuwa na msomaji, kwa hiyo hayakuwa na wa kulaumiwa isipokuwa mwenye duka, ambaye mwaka 1983 alikwisha kukamatwa kama mhujumu uchumi.

Simaanishi kwamba IMF haikuumiza watu. Katika miaka ya tisini uchangiaji ulipoingia hospitalini na mashuleni, na makumi ya maelfu ya watumishi walipopunguzwa, nilikuwa ofisini na niliandika baadhi ya barua zile kwa mkono wangu. Lakini mzazi aliyetakiwa kulipa mwaka 1993 alikuwa akilipia darasa lisilo na vitabu, na mwalimu ambaye akili yake iko kwa kuku. Wengi walipima, wakawaacha watoto nyumbani. Karo ilipofutwa tena mwaka 2001, watoto walirudi kwa mamilioni, nasi tukaanza tena kutafuta walimu na madawati.

Baba alistaafu mwaka 1992. Kiinua mgongo chake kilikokotolewa kutokana na mshahara wa mwisho, yaani uleule uliokwisha kuliwa. Kilitosha mabati ya chumba kimoja na baiskeli.