Toi na Majirani Zake Kando ya Barabara ya Ngong

Mgeni wa Nairobi hupelekwa Karen kuona nyumba ya Karen Blixen, au Lang'ata kuwalisha twiga. Gari lake hupita maduka ya Adams Arcade kwenye Barabara ya Ngong bila kusimama. Laiti lingesimama, kwani hatua chache tu kutoka hapo, ukingoni mwa Kibera, lipo Soko la Toi, na karibu nalo historia ya ardhi ya jiji hili inasomeka kwa miguu.

Fika asubuhi, belo la mitumba linapofunguliwa. Wachuuzi huwa wamelizunguka kabla kamba hazijakatwa. Nguo safi zisizo na doa, ambazo wenyewe huziita kamera, hunyakuliwa kwanza kwa bei ya juu. Zinazobaki hushuka bei kadiri zinavyochambuliwa, hadi kufikia fagia, rundo la mwisho linalotandazwa chini kwa shilingi chache. Biashara hii ilishamiri baada ya masharti ya kuagiza nguo kulegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wateja hutoka Kibera, Woodley, hata Kawangware ng'ambo ya Barabara ya Ngong.

Jirani na soko ni mtaa wa Makina, kitovu cha Wanubi. Kwangu mimi, hapa ndipo pa kutembelewa kwanza. Wazee wao walikuwa askari Wasudani ambao ofisa Mwingereza Lugard aliwachukua mwaka 1891 na kuwaingiza katika jeshi lake Uganda, na wengi baadaye wakatumikia jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Mwanzoni mwa karne ya 20 waliruhusiwa kukaa katika msitu wa Kibera, na kufikia mwaka 1918 eneo la zaidi ya ekari 4,000 lilikuwa limetengwa kwa ajili yao. Hati hawakupewa. Walijenga, wakalima, wakazika wafu wao, huku serikali moja baada ya nyingine ikiwahesabu kuwa wapangaji wa hisani. Hati ya jumuiya ilitolewa mwaka 2017, nayo ni ya ekari 288.

Ukiwa na habari hiyo kichwani, fuata Barabara ya Ngong kuelekea Karen hadi makaburi ya vita yaliyofunguliwa mwaka 1941. Wamezikwa humo zaidi ya watu 1,900 wa Vita Kuu ya Pili, wakiwemo Waafrika. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa safu kwa safu, majina yanasomeka. Heshima hiyo wanaistahili kabisa. Lakini inauma kwamba askari aliyekufa alipata jiwe lenye jina lake, na mwenzake aliyestaafu akiwa hai hakupata karatasi ya kiwanja chake.

Makaburi hayo yamo ubavuni mwa Msitu wa Ngong Road, uliotangazwa hifadhi mwaka 1932 ukiwa na takriban hekta 2,900. Leo zimebaki kama 1,200, na barabara kuu ya Southern Bypass imeupasua katikati. Msitu bado una miti ya asili na ndege wengi. Nenda na askari wa msitu. Bwawa la Nairobi, lililochimbwa mwaka 1953 chini ya Kibera, limeumia zaidi: palipokuwa na mashua za matanga sasa pamefunikwa na magugumaji na maji taka.

Toi nayo imeumia. Iliteketezwa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ghasia zilezile ambazo reli ya Uganda iling'olewa ndani ya Kibera. Wafanyabiashara, wengi wao wakiwa katika vikundi vya kuweka akiba, walipiga misumari upya na kufungua. Oktoba 2024 moto ulirudi, na safari hii watu walikufa. Mabati yalirudishwa tena. Kila moto huamsha swali la nani mwenye ardhi ya soko, na wenye vibanda hulijibu kwa kurudi pale walipokuwa kabla majivu hayajapoa, kwa kuwa wanajua yaliyowapata majirani zao wa Makina.