Habari ya Spana: Namba Zake Zilitoka Wapi?

Leo hatutasoma habari za wafalme. Tutasoma habari ya chombo kidogo ambacho wengi wenu mmekwisha kukishika kwa mikono yenu, nacho ni spana. Mwalimu wa darasa, ikiwa unazo spana mbili tatu, tafadhali zipitishe kwa wanafunzi wazitazame huku wakisikiliza.

Kwanza mwalimu aandike maneno haya ubaoni:

Hesi: mikato inayouzunguka mwili wa bolti, ambayo nati hupita juu yake.
Kusubu: kuyeyusha chuma na kukimimina katika kalibu.
Kufua: kupiga chuma chenye moto kwa nyundo mpaka kipate umbo.
Kipimo cha pamoja: ukubwa ambao watu wengi wamepatana kuutumia.

Sasa tazameni ubavu wa spana. Mtaona namba, pengine 13, pengine 1/2. Huenda pia mkaona herufi, kama AF au W. Mtu asiyejua kusoma huziona kuwa ni mapambo tu. Ninyi mmejifunza kusoma, basi zisomeni. Kila namba ni ahadi. Mtengenezaji amwambia mnunuzi: "Chombo hiki kitaishika nati ya ukubwa huu." Lakini ahadi hiyo haina maana ikiwa watu hawajapatana juu ya ukubwa wenyewe. Mapatano hayo yalichukua zaidi ya miaka mia moja, na hiyo ndiyo habari yetu ya leo.

1. Kila karakana na hesi yake

Miaka mia mbili na zaidi iliyopita, viwanda vilipoanza kuenea Uingereza, kila karakana ilikata hesi kama fundi wake alivyopenda. Nati iliyotengenezwa mji mmoja haikuingia katika bolti ya mji wa pili. Mashine ikiharibika, ilikuwa lazima kumrudia fundi yule yule aliyeitengeneza. Akiwa amekufa, kazi ilikuwa kubwa.

Huko London alikuwako fundi hodari, jina lake Henry Maudslay. Kabla ya mwaka 1800 alikwisha kutengeneza mashine ya kukata hesi kwa usahihi, kila mara sawasawa. Katika karakana yake walifunzwa vijana wengi waliokuja kuwa mafundi mashuhuri. Mmoja wao alikuwa Joseph Whitworth.

2. Bwana Whitworth wa Manchester

Whitworth alizaliwa mwaka 1803. Alipomaliza kujifunza kazi, alifungua karakana yake mjini Manchester mwaka 1833. Alikusanya bolti kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima, akatafuta ukubwa wa wastani. Mwaka 1841 alieleza shauri lake mbele ya chama cha wahandisi mjini London. Alisema kwamba bolti zote za unene mmoja ziwe na hesi za idadi moja katika kila inchi, na kwamba pembe ya hesi iwe nyuzi 55.

Tazameni hekima ya mtu huyu. Hakuwaambia wenzake wafuate bolti zake yeye. Alichukua bolti za watu wote, akatafuta katikati. Kwa hiyo wengi walikubali, na kipimo chake kikawa kipimo cha pamoja cha Uingereza nzima. Kutoka huko kilisafiri pamoja na mashine za Kiingereza mpaka nchi za mbali.

Lakini kumbukeni jambo moja ambalo limewatatiza mafundi wengi. Spana ya Whitworth haiandikwi upana wa mdomo wake. Huandikwa unene wa bolti. Spana iliyoandikwa 1/4 W haina mdomo wa robo inchi. Mdomo wake unazidi kidogo nusu inchi, kwa sababu robo inchi ni unene wa bolti, na nati ni pana kuliko bolti. Mtu asiyelijua jambo hilo ataipima spana kwa rula, kisha atasema muuza duka ni mwongo, kumbe sivyo.

3. Wamarekani, na watu wa milimita

Wamarekani hawakumfuata Whitworth. Mwaka 1864, katika mji wa Philadelphia, Bwana William Sellers alitoa shauri jingine. Alichagua pembe ya nyuzi 60, akasema kuwa ni rahisi zaidi kuikata na kuipima. Wamarekani wakaifuata. Nchi za Ulaya zilizotumia mita zilikutana mjini Zurich, Uswisi, mwaka 1898, zikapatana juu ya hesi za milimita. Basi dunia ikawa na njia tatu: ya Whitworth, ya Sellers, na ya milimita.

Huko Sweden fundi mmoja, Johan Petter Johansson, aliona taabu ya kubeba mzigo wa spana kila alipokwenda kutengeneza mashine. Mwaka 1892 alipata hati ya serikali ya kuilinda spana yake, ambayo mdomo wake hupanuka na kupungua kwa kuzungusha gurudumu dogo. Spana za namna hiyo zilikuwako hata kabla yake, lakini ya kwake ilikuwa bora, ikaenea duniani kote. Mafundi wa gereji huiita kwa utani "spana malaya", kwa kuwa haichagui nati. Sisi darasani tuiite spana ya kubadilika. Inafaa safarini, lakini mdomo wake hucheza kidogo, kwa hiyo haishindi spana ya ukubwa kamili. Ukiitumia, ivute ili nguvu iegemee upande wa mdomo usiosogea.

4. Vita vilivyowafunza wakubwa

Hasara ya kutopatana ilionekana wazi katika Vita Kuu ya Pili, iliyoanza mwaka 1939 na kwisha mwaka 1945. Waingereza na Wamarekani walipigana upande mmoja, lakini bolti zao hazikupatana. Kiwanda cha Packard huko Detroit kilipewa kazi ya kutengeneza injini za ndege za Kiingereza, aina ya Merlin. Ili bolti za injini hizo zipatane na zile za Uingereza, Packard walilazimika kujitengenezea wenyewe vyombo vya kukatia hesi za Kiingereza.

Baada ya vita, mwezi Novemba 1948, Marekani, Uingereza na Kanada zilitia sahihi mapatano ya hesi moja, yenye pembe ya nyuzi 60. Kisha mwaka 1965 shirika la viwango la Uingereza liliwashauri wenye viwanda waviache vipimo vya Whitworth na kushika milimita. Hivyo mzee Whitworth aliwekwa kando katika nchi yake mwenyewe, miaka 124 baada ya shauri lake.

5. Habari hii ilifikaje kwetu?

Ilifika ndani ya mashine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, na kazi ilianza Kongwa. Matrekta mengi yalikuwa makuukuu, masalio ya jeshi la Marekani yaliyonunuliwa Ufilipino. Mashine nyingine zilitoka Uingereza. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua haba, vipuri vichache. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango uliachwa. Hatusemi ulishindwa kwa sababu ya spana. Lakini fikirini kazi ya fundi aliyetengeneza mashine za nchi mbili: ilimpasa kuwa na spana za namna mbili, na kujua ipi ni ya ipi.

Magari ya kwanza ya Land Rover, yaliyotokea mwaka 1948, yalikuwa na hesi za Kiingereza. Baadaye yakaja magari ya Kijapani, nayo ni ya milimita. Ndiyo maana katika sanduku la fundi mzee utakuta spana za kila kabila.

6. Chuma chenyewe

Namba inaeleza ukubwa tu. Nguvu ni ya chuma. Katika miaka ya 1740 mtengeneza saa mmoja Mwingereza, Benjamin Huntsman, hakuridhika na chuma cha pua alichopata kwa kamani za saa zake. Karibu na mji wa Sheffield alifaulu kuyeyusha pua katika vyungu vya udongo, akapata pua safi isiyo na mabaka. Sheffield ukawa mji mashuhuri kwa vyombo vya chuma. Pua hiyo ilikuwa ghali. Mwaka 1856 Henry Bessemer alitangaza njia ya kutengeneza pua nyingi kwa bei nafuu.

Katika karne ya 20 wataalamu waliongeza madini mengine ndani ya pua, kama kromi na vanadi. Henry Ford alitumia pua yenye vanadi katika motokaa yake ya mwaka 1908. Spana nyingi nzuri siku hizi ni za pua yenye kromi na vanadi, nazo hupigwa muhuri wa herufi CR-V.

Lakini angalieni, ndugu zangu. Muhuri hauna gharama. Mtu mwenye hila aweza kuupiga juu ya chuma dhaifu. Vile vile mng'ao wa spana si dalili ya nguvu: ni ngozi nyembamba tu ya madini iliyopakwa juu ili chuma kisishike kutu. Muhuri ni neno la muuzaji, na neno la muuzaji hupimwa.

7. Namna ya kupima kabla ya kulipa

Kwanza, jua mashine yako. Usinunue seti nzima kwa sababu inapendeza. Kwa magari mengi ya Kijapani, spana za 10, 12, 14, 17 na 19 hufanya sehemu kubwa ya kazi. Katika magari ya Ulaya, 13 hutumika sana.

Pili, nenda dukani na bolti mpya yenye nati unayoijua ukubwa wake. Ivalishe spana. Iingie bila kulazimishwa, wala isicheze. Nati ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7. Spana ya 13 itaivaa, lakini itacheza. Ukivuta kwa nguvu, pembe za nati zitalika, spana itateleza, na vidole vyako vitagonga chuma. Tofauti ni chini ya nusu milimita, lakini hasara yake ni nati, siku nzima ya kazi, na pengine mkono.

Tatu, tazama mdomo wa spana dhidi ya mwanga. Kingo zake mbili ziende sambamba. Ikiwa ni spana ya ringi au soketi, tazama ndani: pembe zote ziwe safi na sawa.

Nne, tafuta dalili za kusubu: vijitundu vidogo na ukwaruzo kama wa mchanga. Spana iliyosubiwa kwa chuma hafifu huvunjika ghafula. Iliyofuliwa vizuri kwa pua ni imara zaidi hata ikiwa nyembamba.

Tano, fedha ikiwa chache, nunua spana tatu nzuri kabla ya ishirini mbovu. Rahisi hugharimu. Spana ikipanuka mdomo, haifai tena kwa kazi, nawe utanunua nyingine, pamoja na nati ulizoziharibu.

Ndugu wasikilizaji, Whitworth na wenzake walitumia miaka mingi ili namba iliyopigwa juu ya chuma iwe na maana moja kwa mtu wa Manchester na kwa mtu wa Mwanza. Kazi hiyo humfaa yule tu anayeisoma namba, na baada ya kuisoma, akaipima.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini karakana nyingi zilikubali shauri la Whitworth?
2. Spana iliyoandikwa 1/4 W ina mdomo wa upana gani, na kwa nini?
3. Kwa nini mng'ao wa spana hautoshi kuonyesha kuwa ni imara?
4. Kila mwanafunzi atazame chombo kimoja cha kazi nyumbani au kazini, anakili maandishi yote yaliyo juu yake katika daftari, na kulieleza darasa maana yake.

Kwaherini mpaka somo lijalo.